Kabla ya kupunguza chakula, rudisha maharage

Mwaka wa tatu tangu nihame Moshi kuja Dar es Salaam, suruali zote nilizokuja nazo zilikuwa hazifungi. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali wa mama lishe, jioni chipsi mayai na soda kwa sababu nimechoka. Nilipopima sukari kabla ya kula ikasoma 6.4. Muuguzi akaniambia, "Kaka, hiki bado si kisukari, lakini umeshafika mlangoni."

Nikaanza kujinyima. Mchana chai kavu, usiku njaa inanishika nakula mara mbili. Nikampigia mama simu kulalamika, akaniuliza mara ya mwisho nimekula maharage lini. Sikukumbuka.

Swali lile lilinifanya nisome. Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria matrilioni, na chakula chao kikubwa ni kile tunachoshindwa kumeng'enya sisi: nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa. Wakishiba hutengeneza butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama nishati, pamoja na asidi nyingine zinazosaidia kuamsha homoni za kushiba. Wakinyimwa, kwa panya wa maabara imeonekana kwamba baadhi yao hugeuka kula ute unaoukinga ukuta huo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ambamo Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili tu. Butireti ikapanda kwa Wamarekani, ikashuka kwa wale wa kijijini.

Uliofuata ulinigusa zaidi, maana ulifanyika kwetu Kilimanjaro na kuchapishwa 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliotolewa kwenye chakula cha asili wakalishwa cha kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Waliofanya kinyume zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo hata wiki nne baadaye. Lilikuwepo pia kundi lililokunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi, nalo likapata nafuu ya aina hiyo. Hata hivyo mbege ni pombe, mimi nimechagua mtindi na togwa isiyotiwa sukari.

Nilichobadilisha ni hiki: sembe nikaiacha nikahamia dona, kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, kikarudi mara mbili kwa wiki, na kila sahani ikawa na kunde, choroko au maharage pamoja na mchicha au kisamvu cha kutosha, siyo kile kijiko cha pembeni. Soda niliacha kabisa. Nenda polepole, tafadhali. Wiki ya kwanza nilikula maharage kila mlo, tumbo likajaa gesi nikataka kuacha. Anza na upawa mmoja kwa siku, loweka usiku kucha, mwaga maji yale, na unywe maji ya kutosha.

Baada ya miezi minane sukari ilisoma 5.4 na kilo tisa zimeondoka. Nilikuwa natembea pia jioni, kwa hiyo sifa zote siwapi bakteria. Kama unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari wako kwanza, kwa sababu sukari inaweza kushuka kuliko dozi yako ilivyopangwa. Na dona nunua kidogo kidogo: kiini cha mahindi kina mafuta, unga wake hauvumilii kukaa kama sembe.