Mtoto asome mlinganyo kabla ya kushika kalamu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea nyumbani, hapa Bukavu, watoto wa majirani wanaoshindwa na aljebra. Wengi wao wanajua kuhesabu. Kinachowaangusha ni maneno, kwa sababu darasani husikia «équation» (mlinganyo), «inconnue» (kisichojulikana) na «coefficient» (kizigeu) kwa Kifaransa, kisha hufikiri kwa Kiswahili bila neno la kushikilia.

Kosa jingine lilikuwa langu. Nilizoea kuwaambia kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hugeuza alama yake. Jioni moja kijana wa mwaka wa saba alikuja na 3x + 5 = 17. Akaandika 3x = 12, sawa kabisa; halafu akaivusha ile 3, akaigeuza kuwa −3, akagawanya, akapata −4. «Mwalimu, si imevuka?» Sikuwa na la kumjibu, maana alikuwa amefuata maneno yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimeliacha neno kuvuka. Ninasema mlinganyo, nalo neno lenyewe linafundisha: pande mbili zinalingana kama mizani sokoni Kadutu, na ukiondoa 5 huku, sharti uondoe 5 kule. Ile 3 haikujumlishwa na x, imeizidisha. Kwa hiyo tunagawanya pande zote kwa 3, na x inakuwa 4. Namba hiyo inayozidisha x ndiyo kizigeu. Hapo ninakaa sana, kwa kuwa wapo wanaoona x ni 4 wakaandika kwamba 3x ni 34.

Herufi x ninaiita kisichojulikana, au kitu tu. Si uvivu: wanahisabati walioandika kwa Kiarabu walikiita «shay», yaani kitu, na al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, aliuita mraba wa kitu hicho, yaani x mara x, «mal», neno lile lile tunalosema mali.

Mtajo nao wautofautishe na mlinganyo. 3x + 5 peke yake ni mtajo. Hakuna x ya kutafuta mpaka uambiwe unalingana na nini.

Mzazi anayetaka kusaidia, hata kama aljebra ameisahau, amwambie mtoto asome mstari kwa sauti: «Mara tatu ya kitu nisichokijua, ukiongeza tano, ni kumi na saba.» Kwangu, anayekwama katika kusoma simpi kalamu bado.