GTX 1650 isiyo na waya wa umeme: anza na kumbukumbu, kisha shusha volti

Mkuu, umesema una kadi ya michoro ya Nvidia, GTX 1650 ya 4GB, ndani ya kompyuta ya Dell OptiPlex yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, umeongeza Core Clock (kasi ya chipu ya kadi) +200 kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, fremu kwa sekunde ziko palepale na gemu linajifunga lenyewe baada ya muda. Kadi yako siyo mbovu. Umeanzia upande ambao kadi za aina hii hazina nafasi ya kupanda.

GTX 1650 nyingi hazina tundu la waya wa umeme kutoka kwenye pawasaplai. Umeme wote zinachukua kwenye sloti ya PCIe, ile kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, na sloti hiyo mwisho wake ni wati 75: amperi 5.5 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 66, na karibu wati 10 kwenye laini ya volti 3.3. Ndiyo maana Power Limit yako (kikomo cha umeme kwenye Afterburner) haivuki asilimia 100. Kadi ikigusa kikomo hicho inajishushia kasi yenyewe, MHz 15 kwa kila hatua. Wewe umeiamuru ipande 200, yenyewe haina wati za kupandia. Ile +200 inajitokeza pale mzigo unapopungua, kwa mfano kwenye menyu au gemu linapopakia ramani. Hapo wati zinakuwepo, kadi inaruka hadi kasi ambayo volti zake haziwezi kuibeba, na gemu linakufa. Ukiangalia Event Viewer ya Windows (rekodi ya matukio ya kompyuta) utakuta nvlddmkm imeandikwa. Hiyo ni draiva ya Nvidia ikisema kadi imeacha kujibu.

Kabla ya kugusa chochote, rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani, fungua GPU-Z (programu inayoonyesha taarifa za kadi) upande wa Sensors, cheza gemu lako robo saa kisha soma mstari wa PerfCap Reason, unaosema nini kinaizuia kadi kupanda. Ikiandika Pwr, kikwazo ni wati. VRel au VOp, ni volti. Thrm, ni joto. Angalia pia GPU Load, yaani kadi imeshughulika kiasi gani: ikikaa chini ya asilimia 90 huku fremu ni chache na hujaziwekea kikomo, kadi inamsubiri prosesa, na hakuna ovakloki (kusukuma kasi juu ya ile ya kiwandani) ya kadi itakayosaidia. Kwenye hizo OptiPlex kosa la kawaida ni fimbo moja ya RAM. Fimbo moja ya DDR3-1600, aina ya RAM ya mashine hizo, inapitisha 12.8 GB kwa sekunde. Mbili zikiwa kwenye chaneli tofauti zinapitisha 25.6. Kama una fimbo moja ya 8GB, ongeza ya pili kwanza, halafu ndiyo urudi kwenye kadi. Sitaki upoteze wikendi nzima unasukuma kadi ambayo imekaa tu inasubiri.

Sasa kumbukumbu ya kadi, ambako ndiko kwenye faida ya uhakika. Angalia Memory Type kwenye GPU-Z, maana 1650 zipo zenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 (za mwaka 2019) na za GDDR6 zilizofuata mwaka 2020. Ya GDDR5 inakimbia Gbps 8 (gigabiti kwa sekunde) kwenye njia ya biti 128, sawa na 128 GB kwa sekunde, na hicho ni kichochoro chembamba kwa kadi hii. Ya GDDR6 ina Gbps 12, sawa na 192 GB kwa sekunde, kwa hiyo faida utakayoiona ni ndogo kidogo.

Afterburner itakuonyesha karibu MHz 4001 kwa GDDR5 au 6001 kwa GDDR6. GPU-Z itakuonyesha namba tofauti kabisa kwa kumbukumbu ileile, usishtuke, ni namna tu ya kuhesabu. Acha Core Clock kwenye sifuri. Ongeza Memory Clock +100, bonyeza alama ya tiki, endesha Unigine Heaven au Superposition (programu za kupima kadi kwa alama), andika alama ulizopata, ongeza +100 nyingine. Ukifika +500 kwenye GDDR5 uko Gbps 9, yaani 144 GB kwa sekunde, ongezeko la asilimia 12.5. Nyingi zinafika hapo, nyingine zinakwama +300. Bahati ya chipu haina mjadala.

Hapa ndipo wengi wanadanganyika: kumbukumbu hizi zinakagua makosa ya data zinazosafiri na kuzituma upya zikiharibika. Kwa hiyo unaweza kuzipitisha uwezo wake na skrini ikabaki safi, lakini alama za kipimo zikaanza kushuka kwa sababu muda unaishia kwenye kurudia kazi. Alama zikisimama au zikirudi nyuma, umeshapita. Rudi chini 100 kutoka hapo na uache. Ukiona vidoti vya rangi vinavyometameta au miraba inayoruka kwenye skrini, umepita mbali zaidi, rudi 200.

Baada ya kumbukumbu ndiyo tunakuja kwenye moyo wa kadi, yaani chipu yenyewe, na njia yake ni kushusha volti. Matumizi ya umeme yanakwenda na mraba wa volti. Ukitoka volti 0.950 hadi 0.900 kwa kasi ileile, sehemu kubwa ya matumizi ya chipu inapungua kwa takriban asilimia 10. Kwenye kadi ya wati 75 hizo ni kama wati saba zilizorudi mfukoni, na kadi itazitumia kushikilia kasi badala ya kupanda na kushuka kila sekunde.

Fanya hivi kadi ikiwa ya moto, Heaven ikiwa inaendelea kwenye dirisha dogo, kwa sababu mstari wa volti husogea kulingana na joto, na nukta uliyoiweka kadi ikiwa baridi itashuka MHz 15 au 30 ikipata moto. Angalia kasi na volti kadi inapotulia. Tuseme imetulia MHz 1750 kwa volti 0.950. Kwenye dirisha kuu weka Core Clock -200, bonyeza tiki. Kisha bonyeza Ctrl na F, utaona grafu yenye nukta nyingi, volti zikiwa chini na kasi pembeni. Tafuta nukta iliyosimama kwenye 900 (yaani volti 0.900), ivute hadi 1750, rudi dirisha kuu ubonyeze tiki. Nukta zote za kulia kwake zitalala mstari mmoja. Sasa kadi haiwezi kuomba zaidi ya volti 0.900, hata kwenye menyu, na lile tatizo lako la gemu kujifunga pale mzigo unapopungua linakatwa kwenye mzizi.

Ikidumu nusu saa, inua nukta hiyo MHz 15, jaribu tena, endelea hivyo mpaka gemu lijifunge, kisha rudi chini MHz 30. Heaven peke yake haitoshi kama ushahidi. Kadi inaweza kuipita siku nzima na kufa kwenye GTA V ndani ya dakika tano, kwa sababu gemu lina mzigo unaobadilika ghafla. Jaribu kwa gemu unalocheza kweli. Na usiweke ile alama ya kuanza pamoja na Windows mpaka mipangilio yako imekaa siku kadhaa bila tatizo, maana ovakloki mbaya inayojipakia yenyewe kila ukiwasha itakulazimisha kuingia Safe Mode kuitoa.

Joto nalo lina hesabu yake. Kadi za Nvidia hupunguza kasi kidogokidogo joto linapopanda, hata kabla ya kufika kwenye kikomo. Chumba cha Dar au Mombasa mwezi Februari ni nyuzi 32 kabla hujawasha chochote, na boksi la OptiPlex linapitisha hewa kidogo sana. Kwenye mpangilio wa feni weka asilimia 50 ifikapo nyuzi 60 na asilimia 80 ifikapo 75. Kelele zitaongezeka, ila kasi itashikilia. Vumbi lipulize feni ukiwa umeishika kwa kidole isizunguke. Kama kadi ni ya mtumba, badilisha pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki, chuma cha kupozea): legeza skrubu nne za hitisinki kwa mshazari, kidogokidogo, usimalize moja kwanza. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati ya chipu, na vile vipande laini vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu virudishe palepale vilipotoka. Kikikosekana kimoja, ile +500 isahau.

Utakutana na watu wanaokushauri ubadilishe BIOS ya kadi (programu iliyomo ndani ya kadi inayoweka mipaka yake) ili Power Limit ivuke wati 75. Kwa kadi isiyo na tundu la waya, usifanye. Wati za ziada zitapita kwenye sloti ya mazabodi, na mazabodi za OptiPlex hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2016 kadi ya RX 480 ya AMD ilipobainika kuvuta zaidi ya kiwango cha sloti, AMD walilazimika kutoa draiva mpya ndani ya siku chache, na ile ilikuwa na waya wake wa pini sita. Afterburner yenyewe ipakue kwenye tovuti ya MSI au Guru3D tu. Mwaka 2021 MSI walitoa onyo kuhusu tovuti feki iliyokuwa inagawa programu hiyo ikiwa na virusi.

Kwa kazi yote hii, gemu lililokuwa linakupa fremu 50 tegemea 53 hadi 55, na zaidi ya hapo, zile fremu zinazoshuka ghafla zitapungua kwa sababu kasi haitacheza tena. Ila angalia Memory Usage wakati unacheza. Ikigota karibu na 4GB, kule gemu kukwamakwama unakokuona kunatokana na kumbukumbu kujaa, siyo kasi, na hapo shusha Texture Quality ngazi moja. Tuma hapa picha ya GPU-Z, upande wa kwanza na wa Sensors baada ya robo saa ya kucheza, tuone PerfCap yako inasema nini.