Kubadilisha Oili ya Giaboksi Nyumbani: Anza na Nati ya Kujazia

Oili ya injini hukumbukwa na karibu kila mwenye gari, lakini ile ya giaboksi huachwa humo ndani hadi siku gia zinapoanza kuingia kwa shida. Ni kweli kwamba oili hii haichafuki haraka kama ya injini, kwa kuwa haikutani na moshi wala masizi ya mafuta yanayoungua. Hata hivyo huzeeka: joto huidhoofisha, viambato vinavyolinda meno ya gia huisha nguvu, na unga laini wa chuma unaosagika kutoka kwenye gia na bearingi huendelea kujikusanya ndani yake. Watengenezaji wengi hutaja kuibadilisha kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na wengine husema kwamba imetiwa kwa maisha yote ya giaboksi. Kwa mtu anayekusudia kukaa na gari lake muda mrefu, mimi singeitegemea kauli hiyo ya mwisho, kwa sababu oili ni rahisi kuliko giaboksi, na ni nadra giaboksi nzima kuharibika kwa kupewa oili mpya iliyo sahihi.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiifanya kazi hii mwenyewe, kwa magari yangu na ya ndugu zangu, hasa yale ya manyuali, na jambo ninalomsisitizia kila anayeniuliza ni moja: hakikisha nati ya kujazia oili imefunguka kabla hujaigusa ile ya kutolea. Nati ya kutolea iko chini na kwa kawaida huachia bila usumbufu. Ile ya kujazia iko ubavuni, mahali penye tope na maji, na huenda haijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Ukishamwaga oili yote kisha ukakuta nati ya kujazia imeshikamana kwa kutu, utakuwa na gari lisiloweza kwenda popote, hata kwa fundi.

Kwenye gari la mdogo wangu nati hiyo ilikuwa ya alenki, yaani yenye tundu la pembe sita linaloingia ufunguo wa jina hilo, na tundu lake lilikuwa limejaa udongo mkavu kiasi kwamba alenki iliingia nusu tu. Hapo ndipo watu wengi huharibu pembe za nati, kwa kulazimisha kuzungusha ufunguo ambao haujazama. Niliuchokoa udongo wote kwa msumari mwembamba hadi alenki ikafika mwisho, nikapuliza dawa ya kulegeza kutu, nikaiacha usiku mzima, na asubuhi nikaigonga alenki kwa nyundo taratibu ikiwa bado ndani ya tundu, kabla ya kuizungusha kwa bomba refu. Ililia mara moja kwa sauti kali, ikaachia.

Kabla ya kufika huko, oili sahihi inapaswa kuwa imeshanunuliwa, na hapa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Oili nyingi za giaboksi za manyuali huwa na alama kama 75W-90 au 75W-80, inayoeleza uzito wake, yaani jinsi inavyotiririka kwa wepesi au kwa uzito, na alama ya GL-4 au GL-5, inayoeleza kiwango cha kinga dhidi ya mgandamizo mkubwa wa meno. Ni rahisi kudhani kwamba GL-5 ni bora kwa sababu tarakimu yake ni kubwa. Ukweli ni kwamba GL-5 ilikusudiwa hasa difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ambako meno husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mzito, na baadhi ya oili hizo zina viambato vya salfa vinavyoweza kuila shaba iliyomo kwenye ringi za sinkronaiza. Zaidi ya hayo, ringi hizo zinahitaji msuguano kidogo ili zilinganishe kasi ya gia mbili kabla hazijaungana, na oili yenye utelezi uliopita kiasi huzinyima msuguano huo. Kitabu kikitaja GL-4, tafuta GL-4, au oili ambayo chupa yake inaeleza wazi kwamba imeidhinishwa kwa giaboksi ya aina yako. Ziko pia giaboksi za manyuali zinazotumia ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, na nyingine oili ya injini, kwa hiyo kukisia kwa kuangalia gari la jirani hakufai.

Gari likae mahali tambarare, juu ya stendi imara, wala usiingie chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Utambarare huu una sababu ya pili ambayo husahaulika. Katika giaboksi nyingi za manyuali kiwango cha oili hupimwa kwa ukingo wa chini wa tundu la kujazia, kwa hiyo ukiinua upande wa mbele tu, oili itaegemea nyuma na kipimo kitakudanganya, ama ikapungua au ikazidi. Inua ncha zote nne kwa usawa, au tumia shimo la gereji ikiwa unaweza kulipata. Endesha gari kwa dakika kama kumi kabla ya kuanza, kwa sababu oili yenye uvuguvugu hutoka upesi na hubeba uchafu ambao ungebaki chini. Isiwe ya moto wa kuunguza, na uwe mwangalifu na bomba la moshi lililo karibu.

Oili ikishaanza kutoka, kinga yote ndani ya chombo unachoweza kukipima. Kiasi kilichotoka, kikilinganishwa na kile kilichoandikwa kitabuni, hukuonyesha kama giaboksi ilikuwa ikivuja au iliwahi kujazwa vibaya. Kisha itazame nati yenyewe. Nyingi zina sumaku kwenye ncha yake, na utakuta imevaa uji mzito wa kijivu. Huo ni uchakavu wa kawaida, uufute kwa kitambaa safi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine, kwani huenda jino au bearingi imevunjika. Chembe za rangi ya dhahabu zinazometameta ndani ya oili hutoka kwenye ringi za sinkronaiza, na zikiwa nyingi, oili mpya haitazirudisha ringi hizo.

Rudisha nati ya kutolea ikiwa na washa mpya (ile ringi bapa inayozuia mvujo), na uikaze kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, ikiwezekana kwa spana inayopima nguvu ya kukazia. Mwili wa giaboksi nyingi ni wa aluminiamu, na nyuzi zake zikishaliwa, utengenezaji wake ni mgumu kuliko kazi nzima uliyokuja kuifanya. Oili mpya huingizwa kwa siringi kubwa, au kwa mpira mrefu wenye faneli unaoshushwa kutokea upande wa injini, jambo ambalo mimi hulipendelea kwa sababu oili hushuka yenyewe wakati ninachungulia tundu. Jaza polepole hadi ianze kufurika, subiri hadi mtiririko ugeuke matone, ndipo ufunge.

Giaboksi ya otomatiki inadai tahadhari zaidi. Ukifungua nati ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini yake, hutoka sehemu tu ya oili, mara nyingi kati ya theluthi moja na nusu, kwa sababu iliyobaki imo ndani ya toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, na kwenye njia za kupoozea. Kiwango chake hupimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, na kwa magari mengi injini ikiwa inaunguruma. Aina za oili hazibadilishani: Toyota inayotaka oili ya aina ya WS ipewe WS, na giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki inayobadilisha kasi bila hatua za gia, isitiwe ATF ya kawaida kamwe. Kama otomatiki yako haina stiki ya kupimia, na kitabu kinataka joto lisomwe kwa mashine, ushauri wangu ni kumpelekea fundi mwenye mashine hiyo. Na kama gia zimeshaanza kuteleza na oili ni nyeusi yenye harufu ya kuungua, huenda klachi za ndani zimekwisha, na fedha ya oili ni heri iwekwe kwa ajili ya matengenezo.

Oili chakavu irudishe kwenye chupa zilezile na uipeleke mahali inapopokelewa; usiimwage ardhini wala mtaroni. Futa nati zote mbili zikauke kabisa, endesha gari safari fupi, kisha uingize kitambaa cheupe chini ya giaboksi na kukipitisha kuzunguka kila nati. Rudia hivyo kesho yake, kwa maana mvujo mdogo wa washa huchukua saa kadhaa kuonekana.