Tilapia wa Kivu wamejaa bwawani, lakini hawakui

SWALI: Nina bwawa la are 2 (mita mraba 200) pembeni mwa Bukavu. Niliweka tilapia 400 wa ziwani. Baada ya miezi minane navua wadogo kama vidole, wengi mno. Nilete mbegu, yaani samaki wachanga wa kupanda, kutoka Ziwa Tanganyika? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Hapana, mama, tafadhali usilete. Tilapia wa Kivu ni wa asili hapa. Mbegu ngeni ikiponyoka huzaana naye na kuharibu ukoo wake. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji.

Wako hawakosi damu nzuri, wamezidi wingi. Jike huanza kuatamia mayai mdomoni akiwa bado mdogo, kisha watoto wanagombea chakula na wazazi. Kausha bwawa wiki mbili, hata vidimbwi vya matope, maana humo ndimo vifaranga hujificha. Halafu panda madume tu, wawili kwa mita mraba. Chagua wenye gramu 30 au zaidi. Mgeuze tumbo juu, paka tone la wino nyuma ya tundu la haja: jike huonyesha ufa mwembamba wa kukingama, dume hana. Jike mmoja akikuponyoka, kazi imeharibika.

Baridi ya milimani nayo huchelewesha. Usiache mto upite bwawani mchana kutwa. Jazia tu maji yaliyopungua. Madume 400 wa gramu 50 kila mmoja watatoshwa na gramu 600 za pumba na machicha ya pombe kwa siku, wapewe jua likishapasha maji.