Re: Mbona mshauri ananiuliza habari za baba?

Dada, unasema unakereka: ulienda kwa mshauri hapo Kisumu kwa kukosa usingizi, naye anauliza habari za marehemu baba. Hajapotea njia. Tiba hii ya mazungumzo, iitwayo saikodinamiki, iliyotokana na kazi ya daktari Sigmund Freud kule Vienna, Austria, inashikilia kwamba machungu tuliyoyazika bado yanatusukuma. Ndiyo maana anakuacha useme lolote linalokujia, hata la aibu. Kubwa zaidi ni hisia za zamani tunazomhamishia mshauri mwenyewe. Mimi, huku Nakuru, nilichelewa kikao na mshauri wangu dakika 5 nikaingia natetemeka, naomba radhi mara tatu. Akauliza taratibu, "Ulidhani nitakufanya nini?" Akilini nikamwona baba mlangoni, mshipi mkononi. Nililia sana siku hiyo. Huko kukereka kwako mwambie waziwazi. Nako ni sehemu ya kazi ya pale kwa mshauri.