"Na Macho Je?": Majibu kwa Wanafunzi wa Uuguzi

Mitihani inakaribia na maswali yenu ya dawa za moyo na presha yamenijaa. Nimechukua manne.

Shikamoo Mwalimu. Mgonjwa wa presha ya macho ana pumu, na sista wa zamu amekataa kumwekea timololi. Tone la jicho linafikaje kifuani? (Mwaka wa pili, Mbeya)

Marahaba. Linafika, tena kwa njia ya mkato. Umewahi kuwekewa dawa ya macho ukasikia uchungu kooni? Machozi yana mrija wake unaoshuka hadi puani, na utando wa pua umejaa mishipa ya damu. Timololi inanyonywa pale pale na kuingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Kidonge cha propranololi, dawa ya moyo ya jamii moja na timololi, hulipa ushuru kwenye ini kabla ya kufika popote, tone halilipi. Likifika mapafuni hubana njia za hewa, likifika kwenye moyo hupunguza mapigo. Sista alikuwa sahihi.

Hata asiye na pumu, mfundishe kufumba jicho na kubonyeza kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili hivi.

Halafu kuna hili la historia ya mgonjwa. Ukiuliza "unatumia dawa gani?" atakutajia vidonge tu, maana matone hayahesabu kuwa dawa. Niliwahi kumpokea mzee mwenye mapigo 44, tukahangaika na faili lake asubuhi nzima. Mkewe ndiye aliyekuja kufungua pindo la kanga akatoa kichupa. Tangu siku hiyo huwa naongeza: "Na macho je?"

Bibi yangu anakohoa tangu aanze kaptoprili. Nyumbani wanasema ni baridi ya Makete. (Iringa)

Baridi ya Makete ya mwezi wa saba naiheshimu. Lakini kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kilichoanza baada ya dawa ya jamii ya "prili", kinatia shaka. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachopandisha presha, na kimeng'enya hicho hicho ndicho huvunja bradikinini, kemikali ya mwilini. Isipovunjwa hurundikana, na koo linawasha. Sharubati ya kikohozi hapo ni hasara ya pesa. Asiache dawa mwenyewe. Mpeleke kwa daktari, ambaye mara nyingi humhamishia losatani, dawa ya presha ya jamii nyingine. Ila kikohozi kikizidi wiki mbili apimwe na kifua kikuu, msije mkaisingizia dawa. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura. Mjamzito hapewi prili wala losatani.

Mwalimu, kwenye digoksini kwa nini nihesabu mapigo dakika nzima? Na ndizi zinahusikaje? (Tukuyu)

Kwa sababu hii ni dawa ya moyo, na wengi wanaopewa mapigo yao hayana mpangilio. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, umebahatisha. Weka stetoskopu kwenye ncha ya moyo, usikilize dakika kamili. Kwa mtu mzima yakiwa chini ya 60, zuia dozi umwite daktari.

Ndizi zinaingia kwa mlango wa furosemaidi, dawa ya kukojoza ambayo mara nyingi huandamana na digoksini: inatoa maji, na potasiamu inaondoka nayo kwenye mkojo. Potasiamu ikishuka, digoksini hushika moyo kwa nguvu kupita kiasi. Mgonjwa hukosa hamu ya kula, hutapika, wengine huona vitu vya manjano. Ninyi wa Tukuyu mna ndizi, Njombe wana maparachichi, vyote vina potasiamu. Lakini usimshauri kila mtu ajaze sahani: mgonjwa wa figo, au anayemeza prili, potasiamu yake hubaki mwilini na inaweza kuzidi.

Pilokapini na atropini nazichanganya kila mara. (Mwaka wa kwanza, Mbeya)

Zote ni dawa za matone ya macho. Pilokapini hufinya mboni, maji ya jicho yakapata pa kutokea. Atropini huipanua, na jicho lenye pembe nyembamba, yaani pale maji yanapotokea, linaweza kuzibwa kabisa, presha ikapanda ghafla. Ukikutana na asetazolamaidi, dawa nyingine ya presha ya macho, kwenye swali hilo hilo, uliza kwanza mzio wa salfa, na umwambie mgonjwa asishtuke vidole vikimchonyota.