Nimenunua albamu tatu mwaka huu, najutia moja

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka chuoni. Akafungua kidroo cha gari kutafuta kitambaa cha kufutia kioo, akatoka na CD nne. Alizishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

"Mjomba, samahani, hizi unanunua kweli? Kwa hela?"

Nanunua. Si nyingi, na si kila anayeimba anapata hela yangu, ila nanunua. Nilimjibu kwa mkato siku ile kwa sababu tulikuwa tunashuka mteremko wa Inyala na mbele yetu kulikuwa na lori la Tunduma linanuka breki. Jibu lenyewe refu ni hili.

Naishi Uyole, Mbeya. Kazi yangu ni kupelekea mbegu na viuatilifu wenye maduka ya pembejeo, kwa hiyo karibu kila wiki nipo barabarani kwenda Iringa, kilomita 300 na ushee. Gari ni mtumba wa Japani. Wenye magari haya wanajua: redio yake inaanzia FM 76 na kugota 90, kwa kuwa yalitengenezwa kwa masafa ya kwao, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kidude cha kushusha masafa, nilikifunga, kikaleta mikwaruzo mingi kuliko taarifa ya habari. Bluetooth haina, tundu la flashi halina. Ina mdomo wa CD tu.

Msidhani lakini kwamba nanunua kwa shida ya gari. Kabla yake nilikuwa mteja mzuri wa vijana wa Mwanjelwa wanaorushia watu nyimbo. Unampa memori kadi, unamtajia wasanii, unaenda kunywa chai, ukirudi umejaziwa nyimbo 500. Nusu huzijui, na katikati ya wimbo wa mapenzi inaingia sauti ya dume inatangaza jina la tovuti ulikopakuliwa. Kadi ikafa asubuhi moja bila kuugua. Sikulia hata kidogo, na hapo ndipo nilipojishangaa: kitu chenye nyimbo zaidi ya 1,000 kimepotea na sikumbuki hata 20 za kuzitafuta upya.

Sasa hizo albamu tatu.

Ya kwanza ni ya kwaya, niliinunua Tukuyu baada ya ibada, Sh10,000, mkononi mwa mhazini wa kwaya mwenyewe. Hii sikuhitaji kuifikiria. Mtandaoni kwaya ile ina wimbo mmoja tu uliorekodiwa kwa simu, mtoto analia nyuma. Kwaya zetu za Rungwe na Kyela nyingi ziko hivyo: zinaimba vizuri kupindukia, zinaingia studio mara moja kwa miaka kadhaa, zinauza nakala mlangoni mwa kanisa, basi. Ukisema utaipakua baadaye, baadaye haipo. Ushauri wangu hapa hauna mjadala. Kama mwimbaji yuko mbele yako na amebeba mzigo wake, nunua siku hiyohiyo. Hela yako inamfikia nzima. Wimbo ukisikilizwa mara moja kwenye programu za muziki, mwenye wimbo hulipwa chini ya senti moja ya Kimarekani, tena inapita mikono kadhaa kabla ya kumfikia. Hesabu mwenyewe mara ngapi ungeisikiliza kwaya ile mpaka itimie Sh10,000.

Ya pili ni mkusanyiko wa Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wetu wa dansi la zamani, na hapa niruhusuni nikae kidogo. Mbaraka alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, na nyimbo zake nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo. Upande mmoja wa santuri ile hauchukui zaidi ya dakika chache, ndiyo maana wimbo mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Na utamu wa dansi la zamani uko sehemu ya pili, gitaa linapoachiwa na maneno yamekwisha. Sasa hao waliopakia mtandaoni wengi wamepakia upande mmoja. Nimesikiliza wimbo mmoja miaka sita nikidhani unaishia pale unapokatika. Mkusanyiko nilionunua umeunganisha pande zote mbili. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa nakaribia Makambako, nikapaki pembeni. Askari wa usalama barabarani akaja kuniuliza kama gari limekufa.

Halafu kuna suala la sauti. Dakika moja ya muziki kwenye CD ni kama MB 10. Faili zinazozunguka mitaani mara nyingi ni MB 1 kwa dakika, maana yake kuna vitu vimekamuliwa vikatupwa. Kwenye spika ya simu husikii tofauti. Kwenye sabufa unasikia, besi inakuwa kama mtu anapiga godoro.

Ya tatu ndiyo ninayoijutia. Bongo Fleva, nyimbo 17. Niliipenda moja, nikakimbilia zote. Tatu nzuri, zilizobaki ni kujaza gunia. Kosa ni langu, sikusikiliza kwanza. Siku hizi naisikiliza albamu yote kwa bando, mara mbili, siku tofauti. Nikijikuta naruka nyimbo nne au zaidi, nazipakua mbili nizipendazo kwa kulipia, habari imeisha.

Mpwa wangu anasema yeye analipia Spotify, ile programu ya muziki, kwa mwezi, kwa hiyo na yeye ananunua. Hapana, mwanangu, wewe umepanga. Spotify iliingia Tanzania mwaka 2021 na si mbaya, ila hizo nyimbo ulizohifadhi kwenye simu zinataka uingie intaneti walau mara moja kila siku 30, na siku ukikosa ada zinafungwa. Nyumba ya kupanga unaishi vizuri tu, ilimradi ujue ni ya kupanga.

Kwa anayetaka kuanza kununua CD, angalia tumbo lake. Iliyotengenezwa kiwandani ni ya fedha tupu. Iliyochomwa kwa kompyuta huwa na ubluu au ukijani kwa chini. Stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA), zile zilizoanza kubandikwa mwaka 2013, ni dalili nzuri, lakini mimi niliwahi kuuziwa stendi CD yenye stempu na ndani mna mahubiri ya Kiswahili cha Kongo badala ya taarabu. Kwaya ndogo nazo huchoma wenyewe, hizo nazisamehe. Ukifika nyumbani hamishia kwenye kompyuta au flashi kabla haijakwaruzika. Na wenye saluni na baa, kununua nakala hakukupi ruhusa ya kuipigia wateja, hiyo ina leseni yake.

CD ikichafuka, ifute kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Usiiache juu ya dashibodi. Na ikikwama ndani ya redio, usichokoe kwa kisu. Mimi nilichokoa. Ile ya Tukuyu haitoki tena, wiki ya tatu sasa, ukiwasha gari inaanza wimbo wa kwanza. Abiria ninaowapa lifti Chimala wanashuka Mafinga wakiniita mtumishi.